Punguzo la 30% linalokupunguzia buku moja: sheria iingilie?

Mbagala_Rangi3: Wakuu, Jumatatu niliweka feni kikapuni kwenye duka moja la mtandaoni, 85,000. Ijumaa narudi nakuta bango jekundu: "ILIKUWA 120,000, SASA 84,000! PUNGUZO 30%." Picha zote mbili ninazo. Wenzetu Ulaya tangu Mei 2022 ukitangaza punguzo lazima uonyeshe bei ya chini kabisa uliyouzia ndani ya siku 30 zilizopita. Sisi tunashindwa nini?

Kitochi: Si umepunguziwa buku? Shukuru.

VyomboVyaDada: Nauza mtandaoni mwaka wa nne. Nikiandika 84,000 kavu mnakuja inboksi "mwisho ngapi?" Nikiweka bei iliyokatwa mstari mnagombania. Mmetufundisha wenyewe.

Mbagala_Rangi3: Kwa hiyo uongo siku hizi ni huduma kwa mteja?

VyomboVyaDada: Uongo uko wapi? Kariakoo unatajiwa 50, unatoka na 30, humwiti mtu mwongo. Humu mmejaa wanaume wa kupigia feni kikokotoo.

Kitochi: Hapo dada umetukosea. Sisi tunaingia, tunalipa, tunasepa. Wanaouliza maswali kumi wasinunue ni akina nani?

MamaJunia: Hahaha! Wa kwangu alibishana na bodaboda robo saa kwa mia tano, mvua inanyesha.

Kitochi: Mia tano ni hela.

Kijiwe_Nongwa: Kariakoo unamtazama muuzaji usoni, mnashushana. Kwenye simu unamshusha nani? Ile bei iliyokatwa mstari inasimama mahali pa mazungumzo, ndiyo maana iwe ya kweli. Na Sheria ya Ushindani ya 2003 tayari inakataza kumpotosha mlaji.

Bei_Huria: Lundikeni kanuni, wafanyabiashara wakimbie kama lile duka la mtandaoni la Jumia.

Kijiwe_Nongwa: Jumia waliondoka 2019, kanuni ya siku 30 hata Ulaya ilikuwa haijaanza. Na huko wanajaribu kuikwepa vilevile. Ujerumani supamaketi za Aldi waliuza nanasi yuro 1.49, "ilikuwa 1.69". Chini kwa maandishi madogo: bei ya chini ya siku 30, 1.39. Yaani lilikuwa limepanda! Mwaka 2024 mahakama ya Umoja wa Ulaya ikasema punguzo lipigwe kutoka kwenye hiyo ya chini.

VyomboVyaDada: Nanasi yuro moja na nusu? Hao nao wamezidi.

Mbagala_Rangi3: Jamani, feni yangu…

Kitochi: MamaJunia, huyo boda alitaka ngapi kwanza?

MamaJunia: 2,000. Mzee akang'ang'ania 1,500. Tulifika tumelowa chapachapa.