Mama anasahau: je, tupimwe jeni, na posa isimame? Naomba ushauri

BintiLangoni (Lamu)
Assalaam alaykum. Mama yangu ana umri wa miaka 74 na ameshona kofia za vito tangu usichana wake. Tangu mwaka jana huichukua kofia aliyoianza mwenyewe, akaigeuzageuza mapajani, kisha akauliza ni ya nani na mchoro wake unaendeleaje. Hilo hunitisha kuliko kuchanganya majina ya wajukuu. Nyanya yangu mzaa mama naye alifikia hali hiyo uzeeni. Kaka yangu aliyeko Uingereza anataka sote tupimwe mate ili ijulikane nani anayo jeni ya ugonjwa wa Alzheimer. Isitoshe, binti yangu ameposwa na mtoto wa kaka yangu huyo, yaani mama ni nyanya wa wote wawili, na watu wa nyumbani wameanza kunong'ona. Je, tupimwe? Na posa isimame?

MuuguziMstaafu (Malindi)
Waalaykum salaam, dada yangu. Mbona mnazungumzia jeni ilhali hujatueleza iwapo mama mwenyewe ameonwa na daktari? Kila ubongo hupungua kadiri umri unavyosonga, na mzee kuchelewa kulikumbuka jina ni jambo la kawaida. Kupotewa na kazi aliyoifanya maisha yake yote si la kawaida, ila bado si lazima liwe Alzheimer. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi ipasavyo, sonona, baadhi ya dawa za usingizi na za mzio, hata damu iliyovilia ndani ya fuvu baada ya kuanguka, yote hayo huweza kuleta usahaulifu, na mengi yana tiba. Mpimeni pia presha, sukari na masikio. Jopo la jarida la tiba la Lancet lilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya visa vya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu duniani vinahusiana na mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, na uziwi na presha ni miongoni mwayo.

MwalimuWaBiolojia
Nakubaliana na muuguzi, nami niongeze kuhusu jeni. Zipo jeni tatu, APP, PSEN1 na PSEN2, ambazo mzazi akiwa na mabadiliko yake, kila mtoto ana uwezekano wa 1 kati ya 2 wa kuurithi ugonjwa wenyewe, lakini hizo huhusika na chini ya asilimia 1 ya wagonjwa, na kwa kawaida ugonjwa huo huanza kabla ya miaka 65. Hali ya mama yako haifanani na hiyo.

Anayoizungumzia kaka yako bila shaka ni APOE, iliyoko kwenye kromosomu ya 19. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja kwa kila mzazi, na aina yake inayotia wasiwasi huitwa e4. Mwenye nakala moja ya e4 hatari yake huongezeka mara 2 hadi 3, na mwenye mbili mara 8 hadi 12. Lakini hesabu hizo zimetokana zaidi na watu wa asili ya Ulaya, na uchunguzi uliofanywa kwa Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, ulikuta uhusiano huo ni dhaifu. Wapo wenye e4 wanaozeeka na akili zao timamu, na wapo wagonjwa wasiokuwa nayo.

Kuhusu posa: tuseme mama anayo nakala moja ya e4. Uwezekano wa mtoto wa maharusi hao kuipata nakala hiyo kutoka pande zote mbili ni 1 kati ya 64. Kwa hilo mimi nisingevunja posa ya mtu.

MzeeWaShela
Mimi ningependa kujua, nipange mambo yangu mapema. Lakini kijana akipimwa huko Uingereza, majibu yake yanawagusa na ndugu ambao hawakuulizwa.

BintiLangoni (Lamu)
Nawashukuru nyote. Wiki hii nampeleka mama hospitali pamoja na dawa zake zote ndani ya mfuko, zikiwemo zile za usingizi ambazo sikuwa nikizitilia maanani. Posa inaendelea. Kaka nimemwambia apimwe akipenda, ila majibu asiyatume kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.