Kona ya sanaa katika kituo cha watoto cha nyumbani: sebuleni, barazani au kasha la kubeba?

Mlezi wa Tabata

Habari zenu, walezi wenzangu. Naomba tusaidiane kulinganisha mahali pa kuweka kona ya sanaa katika kituo cha kulelea watoto mchana ninachokiendesha nyumbani kwangu, Tabata, Dar es Salaam. Nina watoto wanane wenye umri wa miaka 2 hadi 5. Mmoja ana mtindio wa ubongo na anatumia kiti cha magurudumu. Mkono wake wa kulia una nguvu kuliko wa kushoto, ila hauwezi kushika kitu chembamba kwa muda mrefu. Mwingine ana ualbino, na akichora husogeza uso hadi karibu uguse karatasi. Ninataka kona ambayo kila mmoja wao ataifikia mwenyewe, achague anachotaka bila kuniomba, na akimaliza akirudishe mahali pake.

Nafasi niliyo nayo ni ya aina tatu. Kwanza, kuna pembe ya sebule karibu na dirisha, ambako ningeweza kuweka shelfu fupi na meza ndogo, lakini sakafu yake ni ya vigae na jioni familia inakitumia chumba hicho. Pili, kuna baraza ya mbele, yenye hewa na rahisi kupigwa deki, ila ina ngazi moja ya kama sentimita 15 kutoka uani, na jua la asubuhi linaipiga moja kwa moja. Tatu, ningeweza kununua kasha la plastiki lenye magurudumu, nikaweka kila kitu humo na kulivuta hadi mahali popote saa ya sanaa inapofika. Kila mtu ninayemuuliza ananipendekezea lake. Ninyi mngechagua lipi, na kwa sababu gani?

Seremala wa Buguruni

Dada, mimi ningechagua baraza bila kusita, kwa sababu rangi na maji ni vitu vya nje. Ngazi ya sentimita 15 si kikwazo kikubwa. Njia ya mteremko iliyo salama kwa kiti cha magurudumu hupewa sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo, kwa hiyo utahitaji mteremko wa sentimita 180, ambao fundi mwashi anaweza kuumwaga kwa zege au mimi nikautengeneza kwa mbao na plaiwudi nene. Usikubali ufupishwe ili kuokoa nafasi, kwa maana mteremko mkali humfanya mtoto amtegemee mtu wa kumsukuma, nawe umesema unataka afike mwenyewe.

Ukutani ningefunga hadibodi pana, kuanzia sentimita 30 kutoka sakafuni hadi sentimita 120, ili aliyekaa kwenye mkeka na aliyesimama wote wapate pa kuchora. Hadibodi ni ubao uleule ambao Edward Saidi Tingatinga aliutumia alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, na mabaki yake hupatikana kwa mafundi. Hata rangi aliyoitumia, ile ya mafuta ya kupaka baiskeli, huwa haikosekani kwenye makopo yaliyobaki baada ya kazi, na inang'aa vizuri sana.

Mtaalamu wa Tiba kwa Vitendo, Moshi

Kaka seremala, nakushukuru kwa hesabu ya mteremko, kwa kuwa wengi huipuuza. Naomba nitofautiane nawe katika mambo mawili.

La kwanza ni rangi. Rangi ya mafuta isiingie mikononi mwa watoto kabisa. Mvuke wake unadhuru, haitoki bila mafuta ya taa au tina, na makopo ya zamani yanaweza kuwa na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto wadogo ndio wanaoathirika zaidi, kwa kuwa ubongo wao bado unakua na mikono yao haikai mbali na mdomo. Kiwango cha juu kinachopendekezwa kimataifa ni sehemu 90 kwa milioni, na mabaki ya kopo lisilo na lebo hayawezi kukuambia yako wapi katika kipimo hicho. Tahadhari hiyohiyo iwepo unaponunua rangi ya kupaka shelfu au ubao: soma lebo, tafuta isiyo na risasi, upake siku ambazo watoto hawapo, na usubiri ikauke kabisa.

La pili ni ubao wa ukutani. Kwa watoto wanaosimama ni mzuri, kwa sababu huimarisha bega na kifundo cha mkono. Lakini kwa mtoto aliye kwenye kiti cha magurudumu, vikanyagio vya miguu hugusa ukuta kabla mkono wake haujaufikia ubao. Atalazimika kuegesha kiti ubavuni na kuupinda mwili ili achore. Kwa mwenye mtindio wa ubongo hilo ni gumu, maana nguvu yote inaishia kwenye kuuzuia mwili usiegemee upande, na mkono unabaki bila utulivu.

Meza ya kawaida ya watoto nayo haitamfaa. Mtoto wa miaka 3 au 4 hukaa vizuri kwenye kiti cha kimo cha sentimita 26 na meza ya sentimita 46, ilhali magoti ya mtoto aliye kwenye kiti cha magurudumu yanahitaji uwazi wa kama sentimita 61 chini ya meza. Ukiinua meza kwa ajili yake, wenzake watachora mikono ikiwa imening'inia usawa wa masikio. Ninachokipendekeza ni ubao wa mteremko unaowekwa juu ya meza au juu ya mikono ya kiti chake. Chukua kipande cha plaiwudi chenye kina cha sentimita 40, ukiinue upande wa nyuma kwa takriban sentimita 14, kiwe na mwinamo wa kama nyuzi 20. Upande wa chini weka kizuizi chembamba ili krayoni zisiporomoke, na chini yake gundisha vipande vya tyubu ya baiskeli ili usiteleze. Juu ya mikono ya kiti uufunge kwa mikanda.

Ubao huohuo utamsaidia sana mtoto wako mwenye ualbino. Uoni hafifu ndio unaomfanya ainame, na karatasi ikiletwa karibu na macho yake hahitaji kuukunja mgongo wala kulifunika jua au taa kwa kichwa chake mwenyewe. Tengeneza mbili, na watoto wengine nao uwaachie wazitumie, ili zisionekane kuwa vifaa vya wagonjwa.

Mama wa Baraza, Unguja

Assalaam alaykum. Naomba niongeze kuhusu jua, kwa sababu limetajwa na halikujibiwa. Baraza inayopigwa na jua la asubuhi haimfai mtoto mwenye ualbino bila kivuli cha uhakika. Ngozi yake huungua upesi, na karatasi nyeupe juani humrudishia mwanga machoni hata asione anachokichora. Ukiichagua baraza, funga chiki au makuti upande wa mashariki kabla ya kununua hata krayoni moja, na umpe karatasi ya kaki au ya rangi ya maziwa badala ya nyeupe. Krayoni nyeusi, nyekundu na buluu iliyokolea zitamwonekea vizuri juu yake, na za manjano zitampotelea.

Baraza ina faida moja ambayo sebule yenye vigae haina. Mimi hutandika mkeka wa ukili, na watoto huweka karatasi nyembamba juu yake na kupitisha krayoni iliyolazwa ubavu. Mistari ya msuko inaanza kutokea chini ya mkono, mmoja mmoja, na mtoto ambaye hawezi bado kuchora hata duara anajikuta ametoa picha kamili. Kwa mwenye mkono dhaifu kazi hii ni nzuri mno, kwa sababu haidai kushika kwa ncha za vidole. Anaifunika krayoni kwa kiganja na kuiburuza. Karatasi ibandikwe pembe nne kwa selotepu ya karatasi ili isimkimbie.

Mlezi wa Likoni

Naona kasha limesahaulika, nami ninalitumia huku Mombasa, kwa hiyo nilitetee kwa haki. Unyevu wa pwani hulegeza karatasi na kuotesha ukungu kwenye unga na gundi, na kasha lenye kifuniko huzuia yote hayo. Jioni chumba kinarudi kuwa cha familia bila alama. Kama nyumba ni ya kupanga, mwenye nyumba hana la kulalamikia, kwa kuwa hujatoboa ukuta.

Hata hivyo, kwa lengo ulilolitaja, kasha peke yake halitoshi. Mtoto hawezi kuchagua kitu kilicho ndani ya kasha lililofungwa, na wa kiti cha magurudumu hawezi kuinama hadi chini yake. Uamuzi wa kuanza sanaa unabaki kwako. Mimi huliwekea vitu vya fujo tu: rangi za maji, brashi, udongo wa mfinyanzi na gundi. Krayoni na karatasi ziko nje siku nzima.

Mwalimu Mstaafu, Morogoro

Nimesoma yote kwa makini, na naona mazungumzo yameegemea kwenye mahali kuliko kwenye kile kitakachokaa mahali hapo. Kwa maoni yangu, mwanangu, wako watoto wawili wa kukuamulia. Mtoto wa kiti cha magurudumu akuamulie kimo cha shelfu, na mtoto wako wa miaka 2 akuamulie kitakachowekwa juu yake.

Nitaeleza. Mtoto mdogo aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu hufikia bila shida vitu vilivyo kati ya sentimita 50 na 90 kutoka sakafuni, na wanaotembea nao wanakifikia kimo hicho. Basi vyote vya kuchaguliwa vikae humo. Kreti mbili za soda zilizolazwa ubavu juu ya benchi imara, zikafungwa zisianguke, zinatosha. Hapana haja ya fanicha ya dukani. Mbele yake iachwe nafasi tupu ya kugeuzia kiti, na njia ya kufikia hapo isipungue sentimita 80 za upana.

Lakini shelfu inayofikiwa na wote inafikiwa pia na mdogo kuliko wote, na hapo ndipo walezi wengi wanaporudisha vitu juu ya kabati. Badala ya kuvipandisha, viondoe. Chukua bomba la ndani la karatasi ya chooni: chochote kinachopita humo kinaweza kumkaba mtoto aliye chini ya miaka 3. Shanga, vizibo vya soda, vifungo, maharage na vipande vya krayoni vilivyokatika vyote vinapita, kwa hiyo viende kwenye lile kasha la ndugu yetu wa Likoni na vitoke ukiwa umekaa nao. Juu ya shelfu zibaki krayoni nene, karatasi, vitambaa vya kubandika na sponji kubwa. Vifaa vinne au vitano vinatosha kwa wiki moja, kisha ubadilishe. Mtoto akikuta makopo ishirini humwaga yote. Akikuta matano huchagua. Kila kopo libandikwe picha ya kilichomo, na picha hiyohiyo iwe kwenye shelfu mahali linapokaa, ndipo kurudisha kutakapowezekana kwa asiyejua kusoma. Makopo ya bati yana kingo zinazokata, kwa hiyo tumia vikopo vya plastiki vya mtindi.

Kwa mkono usioweza kushika chembamba, toboa kipande cha kandambili kuukuu iliyooshwa na upitishe krayoni katikati. Sponji yake ni laini, haitelezi ikilowa, na unaweza kuikata ifuate kiganja cha mtoto mwenyewe.

Na karatasi za mifuko ya saruji, ambazo najua wengi huzipenda kwa ukubwa wake, tafadhali ziacheni. Vumbi la saruji huunguza ngozi na macho, na kukung'uta hakulimalizi.

Mlezi wa Tabata

Shikamoo Mwalimu, na ahsanteni nyote. Nimeanza kupata mwelekeo. Shelfu ya kreti itakuwa sebuleni karibu na dirisha, kwa ajili ya krayoni na karatasi za siku nzima, pamoja na bao mbili za mteremko. Kazi za rangi na udongo zitafanyika barazani kutoka kwenye kasha, baada ya mteremko na kivuli kukamilika. Kituo kimesajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, kwa hiyo nitamwonyesha Afisa Ustawi wa Jamii mpango huu kabla fundi hajaanza.

Nimebakiwa na maswali mawili. Rangi salama ya kutengeneza nyumbani ni ipi? Na watanawaje barazani? Nilifikiria kibuyu chirizi.

Mama wa Baraza, Unguja

Rangi ni uji mzito wa unga wa muhogo au wa ngano uliopikwa na kupozwa, ukatiwa manjano, maji ya bitiruti, au makaa ya mti yaliyotwangwa na kuchekechwa. Hauwekwi chumvi, na usiotumika siku hiyo unamwagwa. Ule unga wa kufinyanga unaotiwa chumvi nyingi sikushauri kwa wa miaka 2, kwani akiula kwa wingi chumvi hiyo inaweza kumdhuru vibaya.

Mtaalamu wa Tiba kwa Vitendo, Moshi

Kibuyu chirizi ni kizuri kwa wanaosimama, lakini kinafunguliwa kwa kukanyaga kijiti, jambo ambalo mtoto wako wa kiti cha magurudumu hataliweza. Weka ndoo yenye koki na kifuniko juu ya stuli imara, koki ikiwa kwenye kimo cha sentimita 70 hivi, na uchague ile ya mkono mrefu inayofunguka kwa kusukumwa na kiganja. Beseni la maji machafu limwagwe kila mara baada ya kunawa, kwa sababu mtoto wa miaka 2 anaweza kuzama hata kwenye maji ya sentimita 5. Kabla ya kumlipa fundi, mlete mtoto mwenyewe barazani akiwa kwenye kiti chake, anyooshe mkono kuelekea koki na shelfu, na uweke alama ya chaki mahali vidole vyake vinapofika bila kujivuta.

Seremala wa Buguruni

Nimekubaliana na mtaalamu kuhusu rangi na kuhusu ukuta. Dada, ukishapata alama hizo za chaki nitumie vipimo vyake hapa pamoja na upana wa mikono ya kiti, nami nitakuchorea ukataji wa bao zote mbili ili zitoke kwenye kipande kimoja cha plaiwudi.