Tupeane uzoefu: mnaoishi kwa wawinda kulungu, huko kwenu wanalichukuliaje jambo hili?

Mnyalu_Ughaibuni

Wakuu, habari za majukumu. Niko Wisconsin, mji mdogo wa viwanda vya jibini, na Novemba ndiyo hiyo inabisha hodi. Hapa kuna siku tisa za kuwinda kulungu kwa bunduki, zinaanza Jumamosi kabla ya Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani. Siku hizo usitegemee kumpata fundi bomba, na usitegemee zamu ijae. Msimamizi wetu anagawa likizo mapema kabisa, maana anajua akikataa watu wataugua wote kwa pamoja.

Kinachonichanganya ni kwamba hata wenyeji hawaelewani. Jirani yangu wa kulia ana dungu juu ya mwaloni kwenye shamba la kaka yake. Tangu Agosti anapima upepo, anakata matawi, anaanika nguo nje ili zisinuke sabuni. Wa kushoto ni bibi mstaafu aliyekuwa akiwamwagia kulungu mahindi uani, hadi akaambiwa ni marufuku kwenye wilaya yetu kwa sababu ya ule ugonjwa wa kulungu unaowakondesha na kuwaharibu ubongo, CWD. Alilia kweli. Hawa wawili mwaka mzima wanaazimana ngazi na kuzoleana theluji, ila Novemba ikifika salamu zinakatika.

Mimi kwetu Mufindi, babu alikuwa na gobore na hakuna aliyewahi kumuuliza kama anawapenda wanyama au hawapendi. Nyama ilikuwa inaletwa, tunakula. Huku nimejikuta naulizwa nina msimamo gani. Leteni visa vyenu, mlio huku na mlio nyumbani. Yaliyokukuta wewe, si ya kusoma.

MamaKevo254

Pennsylvania hapa. Zamani siku ya kwanza ya kulungu ilikuwa Jumatatu baada ya Thanksgiving, na shule zilikuwa zinafungwa. Mwaka 2019 waliisogeza ikawa Jumamosi, lakini shule nyingi za mashambani bado hiyo Jumatatu hazifunguliwi. Mwaka wangu wa kwanza nilimpeleka kijana shuleni nikakuta lango limefungwa na hakuna hata mlinzi wa kumuuliza.

Sasa mnielewe. Mimi ni Mkenya, nimezaliwa baada ya marufuku ya 1977. Kwetu mnyama wa porini ni wa serikali, ukimgusa KWS, shirika la wanyamapori, wanakuja. Kuwinda nilikujua kwa hadithi za babu na kwa Wazungu wa kwenye picha za zamani. Halafu mtoto wa darasa la nne anarudi nyumbani ananiambia babake rafiki yake amejitolea kumpeleka porini na bunduki, na kwamba sheria ya hapa inaruhusu, mradi awe na mtu mzima wa kumwongoza. Nilikataa. Akanuna wiki nzima.

Kilichonilainisha kidogo ni kazini. Natunza wazee. Tunaye mmoja, akili imeshaondoka, jina la mke wake hakumbuki. Lakini majani yakishapukutika anaomba kofia yake ya chungwa, ile wanayovaa wawindaji ili waonekane, anakaa dirishani, ananishika mkono ananiambia nyamaza, upepo unatoka magharibi. Anataja kijito, anataja jiwe, anataja ndugu yake aliyekuwa anakaa upande ule mwingine wa bonde. Binti yake aliniambia yote hayo ni ya kweli, na kwamba siku hizo za msituni ndizo pekee baba yake alikuwa anaongea. Yeye binti mwenyewe hali nyama kabisa, na kofia ndiye huwa anamletea.

Kijana wangu bado hajaenda. Tutaona akifika miaka kumi na minne.

BinSaleh

Assalaam alaykum. Mimi Michigan, asili Makunduchi. Hapa bunduki inaanza Novemba 15 kila mwaka, iangukie siku yoyote, na jirani yangu Mkristo huniletea paja zima kwa moyo safi kabisa.

Mtihani ndipo unapoanzia hapo. Mwenzangu mmoja msikitini anasema chakula cha watu wa Kitabu ni halali kwetu, kula. Mwengine anasema huyo jirani hakutaja jina la Mungu wakati wa kufyatua, na hujui kama mnyama alikutwa hai akaachwa afe bila kuchinjwa. Mimi nikaona njia fupi ni kwenda mwenyewe. Nikachukua kozi ya usalama, nikakata leseni, na siku ya kwanza nilisoma bismillahi kwa sauti mpaka jirani akanitazama. Kulungu hakutokea. Mwaka uliofuata alitokea.

Kusema kweli kwangu si jambo geni. Kwetu kusini ya Unguja kuna wasasi, wanatoka na mbwa na nyavu kumfata paa, na mzee wangu alikuwa mmoja wao. Suratul Maida imeruhusu windo la mbwa aliyefunzwa, na wazee wakiijua aya hiyo kwa moyo. Lakini paa nunga sasa wamebaki wachache mno, na watu wa hifadhi Jozani wana haki kulalamika. Hapa Michigan ni kinyume, kulungu wamezidi. Ndiyo maana nikiulizwa "unaunga mkono uwindaji?" mimi nauliza wa wapi.

chapati_ya_moto

Nyie hadithi ndefu, nyama yenyewe ina ladha gani?

BinSaleh

Haina mafuta, kavu kuliko mbuzi. Mafuta yake machache yatoe yote, yanaganda mdomoni ukinywa maji baridi. Ilaze usiku na ndimu, tangawizi na thomu, halafu mchuzi wa nazi moto mdogo. Mshikaki usiivishe sana.

KijanaWaMugumu

Nimesoma hapo juu nikabaki nacheka peke yangu. Mtoto wa darasa la nne anaruhusiwa, tena na mwongozaji!

Mimi niko nyumbani, kando ya Serengeti. Baba yangu mdogo alikutwa na kimoro cha nyumbu, yaani nyama ya kukausha, hakifiki debe. Akafungwa. Alivyotoka alikuta ng'ombe wameuzwa kulipa wakili ambaye hakumsaidia chochote. Mwaka huohuo watalii walipita hapahapa kwenda kwenye kitalu cha uwindaji, wana bunduki ndani ya maboksi ya ngozi, wanapigiwa saluti. Najua mtaniambia wao wamelipa na wana kibali. Ndiyo hiyo naisema. Ukiwa na hela wewe ni mwindaji, ukiwa na njaa wewe ni jangili.

Msinielewe vibaya, mitego ya waya mimi siipendi. Nimeona pundamilia ametembea nayo mpaka imezama shingoni. Waya haichagui, inakamata hata mwenye mimba. Lakini sijawahi kusikia mtu anakuja kijijini kutufundisha kozi ya kuwinda halali kama hiyo ya BinSaleh. Tunafundishwa tu tusiwinde.

Mzee_wa_Kitalu

Kijana, nimefanya kazi ya kufuata nyayo huko Selous kabla hawajaigawa. Kisheria wanyama ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini, sheria namba 5 ya 2009 imeandika hivyo. Mwananchi naye anaweza kukata leseni ya uwindaji wa wenyeji, na siku hizi mabucha ya nyamapori yamewekewa kanuni. Shida ni umbali kati ya karatasi na Mugumu.

Kuhusu wageni, nimewabeba wa kila namna. Wapo wanaotaka pembe tu, na nyama tulikuwa tunaipeleka vijijini. Wapo waliopiga swala mmoja wakaomba tuwaonyeshe namna ya kumchuna, wakakaa chini na kisu wenyewe mpaka mwisho. Hao wa pili wengi wao walikuwa watu wa kulungu kwao, wamezoea kutumbua kwa mikono yao. Waliozoea kufanyiwa kila kitu hata kumgusa mnyama walikuwa hawataki, wanataka picha.

PapaFuraha_Iowa

Jambo bandugu. Miye natokea Uvira, niko hapa Iowa. Wakati wa kulungu ninafanya kazi ya jioni kwenye bucha moja ambayo watu wanaleta windo lao. Nimeona misimamo yote ikipita juu ya meza ile ya chuma.

Kulungu anakuja na kitambulisho kimefungwa, bila hicho hatumpokei. Mwenye kuwinda anasema anataka nini: mwingine soseji zote, mwingine steki za mgongo tu, mwingine anataka kichwa kikatwe vizuri aende kutundika, nyama anatoa sadaka. Hapa kuna mpango unaitwa HUSH, unalipa bucha itengeneze ile nyama iende kwa wasio na chakula. Hakuna wa kuiuza. Nyama ya kulungu wa porini karibu kote hapa Marekani hairuhusiwi dukani, na hii ya dukani ni ya kufugwa. Mwanzoni sikuelewa. Mtu ana mnyama wa kilo hamsini na hawezi kuuza hata kipande?

Mwenye bucha ndiye alinieleza. Anasema zamani walikuwa wanauza, mapipa na mapipa kwenye treni kwenda mijini, hadi kulungu karibu waishe kwenye nchi nzima. Mwaka 1900 ikaja sheria ya kuzuia usafirishaji wa windo haramu kati ya majimbo, na 1937 ikaja sheria kwamba kodi ya bunduki na risasi, leo asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi, pesa yake iende kwa wanyama. Walikuwa laki chache, leo wanahesabiwa mamilioni. Huyo mzee ukimwambia kuwinda ni ukatili anakasirika sana, anasema ni sisi tumewalipia hawa.

Lakini ametia vilevile neno ambalo wawindaji hawalipendi. Mwaka 2008 kule Minnesota na North Dakota walikuta vipande vya risasi ndani ya nyama ya sadaka, wakaitoa kwenye maghala ya chakula. Tangu pale anakata mbali sana na tundu la risasi, kiganja kizima na zaidi, na wateja wanamgombeza kuwa anawaibia nyama.

DadaWaTanga

Mimi nitakuwa yule mchawi wa uzi huu. Sipendi kuwinda na sitapenda.

Naishi New Jersey, karibu na daraja la kwenda Staten Island. Hao Staten Island kulungu walipowazidi, mwaka 2016 jiji la New York likaanza kuwafunga kizazi madume, daktari wa mifugo na sindano ya usingizi, dume mojamoja. Watu walicheka nchi nzima na gharama zikasemwa sana. Mimi sikucheka. Angalau mtu alijaribu njia isiyo risasi.

Na msidhani nawapenda kwa sababu siwajui. Nilipanda mchicha na matembele nyuma ya nyumba, mbegu nimeletewa kutoka Muheza, wakala mpaka mashina. Sukuma wiki wakaacha miti imesimama mitupu. Na mmoja nilimgonga kwa gari usiku nikitoka kazini. Alitoka upande wa kushoto, nikasikia kishindo, kioo kikawa cheupe chote. Polisi alifika akammalizia pale pembeni, kisha akaniuliza kwa upole kabisa kama nyama nitaichukua au ampe mtu mwingine. Nilimwambia mpe mtu mwingine. Migongano ya namna hiyo nchi hii inapita milioni moja kwa mwaka, kwa hiyo hoja ya kuwapunguza naijua, nimeilipia bima. Bado kumvizia mnyama juu ya mti kwa saa nne ukiwa umejipaka mkojo wa kulungu jike ili umdanganye dume, mimi naona ni jambo la ajabu kuliita mapumziko.

chapati_ya_moto

Wanajipaka NINI?

Mnyalu_Ughaibuni

Unauzwa kwenye chupa, mkuu. Jirani anao kwenye friji ya gereji, kando ya bia.

Mchaga_Bayern

Huku Bavaria ugomvi wenyewe umekaa kivingine kabisa. Mjini wapo wanaopinga, lakini porini wanaogombana ni bwana misitu na bwana mwindaji. Bwana misitu anataka paa wapigwe wengi zaidi, maana wanakula miche ya miti na msitu hauoti tena. Mwindaji ndiye anayesema taratibu, waachieni. Kaulimbiu ya mabwana misitu huku ni msitu kwanza, mnyama baadaye. Nilidhani nimesikia vibaya, mtetezi wa kulungu ndiye mwenye bunduki.

Na kupata leseni si mchezo, ni mtihani wa nadharia, wa kulenga na wa kuhojiwa ana kwa ana, watu wanafeli. Nilienda mara moja kama msukumaji, tunatembea mstari tukipiga kelele kuwatoa vichakani. Jioni wanyama wanalazwa kwa safu juu ya matawi ya msonobari, kila mmoja anawekewa kitawi mdomoni, wanasema ni tonge lake la mwisho. Kisha wanapiga baragumu, kila aina ya mnyama na wimbo wake, na hakuna anayeruhusiwa kuruka juu ya safu ile. Mwenzangu kutoka Munich alikuja kwa ajili ya kupinga tu, alisema afadhali wasingefanya hayo, kwamba unamuua mtu halafu unamfanyia adabu. Mimi niliguswa. Tumebishana kwenye treni hadi tukafika.

KijanaWaMugumu

Mchaga, hiyo ya kitawi hata kwetu wazee walikuwa na namna yao ya kumuomba radhi mnyama kabla ya kumchuna. Wakoloni waliita ushirikina.

MamaKevo254

@Mnyalu, wewe mwenyewe hujasema. Ulianzisha uzi ukajificha nyuma ya majirani. Utaenda au huendi?

Mnyalu_Ughaibuni

Jirani wa kulia amenikaribisha nikae naye kwenye dungu, bila bunduki. Hapa aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 1973 lazima apite kozi ya usalama, na mimi sijapita, kwa hiyo nitakwenda kutazama tu. Bibi wa kushoto nimeshamwambia, sitaki asikie kwa wengine. Alininyamazia, baadaye akaniletea chupa ya chai ya kubeba, akasema kule juu kuna baridi ya kuua.

MamaKevo254

Vaa chungwa mwili mzima, si kofia tu.

Mnyalu_Ughaibuni

Wisconsin tangu 2016 hata pinki kali inaruhusiwa. Mke wangu ameshaninunulia hiyo.

chapati_ya_moto

Picha tafadhali.