Mtazamo wa 3D unatetemeka na kuruka nikiuendesha kwa ishara za mikono

Fundi_Pembetatu
Habari wakuu. Natengeneza programu ya kutembea ndani ya jengo la 3D kwa mikono mitupu. Mkono unasomwa na kamera ya kawaida ya kompyuta kupitia MediaPipe (maktaba ya Google inayotambua mkono na kuuwekea pointi 21 zenye namba), fremu 30 kwa sekunde. Kiganja kikisogea mbele mtazamo unasonga mbele, kikienda kulia unageuka kulia. Shida: mtazamo unatetemeka hata mkono ukitulia, unaruka mtu akishusha mkono, na kwenda mbele hakueleweki kabisa. Watumiaji pia wanalalamika mabega. Nianzie wapi?

kiganja_wazi
Anza na kuruka. Kwako mkono ukionekana tu tayari unaamuru, hata mtu akijikuna. Weka ishara ya kushika: kubana gumba na kidole cha shahada. Pima umbali wa pointi 4 (ncha ya gumba) na 8 (ncha ya shahada), kisha ugawanye kwa urefu wa kiganja (pointi 0, kifundo cha mkono, hadi 9, shina la kidole cha kati), ili mtu akikaa mbali au karibu namba isibadilike.

Usitumie kizingiti kimoja, ishara itawaka na kuzima ovyo. Iwake chini ya 0.25, izime juu ya 0.4, halafu urekebishe kwa mikono ya watu tofauti.

Vidole vikibana, hifadhi mahali mkono ulipo na mtazamo ulipo. Hesabu zote zianzie hapo. Mtu anavuta jengo kama anavyovuta kamba: anashika, anavuta, anaachia, anashika tena. Angalia kitu kimoja: vidole vikiachana, mkono wenyewe husogea kidogo, na mtazamo unateleza mwishoni. Ukiona ameachia, rudisha mtazamo ulipokuwa fremu mbili tatu nyuma.

NambaNukta
Kwenda mbele hakueleweki kwa sababu z ya MediaPipe (namba ya kina, mbele na nyuma) inahesabiwa kutoka kwenye kifundo cha mkono, si kutoka kwenye kamera. Sogeza mkono wote mbele, z haikwambii chochote cha maana. Tumia ukubwa wa kiganja kwa pikseli: kutoka sentimita 60 hadi 40, kinaonekana kikubwa mara 1.5. Kiganja kikiinama urefu unapungua kwa uongo, kwa hiyo pima pia upana (pointi 5 hadi 17, shina la shahada hadi la kidole kidogo). Kwanza uzidishe upana kwa namba itakayoulinganisha na urefu kiganja kikiwa wima, ndipo uchukue kilicho kikubwa.

Kuhusu mtetemo, usiulainishe kwa wastani wa fremu 10. Kwa fremu 30 kwa sekunde huo unachelewesha kama milisekunde 150, na mkono unauhisi. Chukua kichujio cha One Euro (Casiez, Roussel na Vogel, 2012), kinacholainisha sana mkono ukienda polepole na kidogo ukienda haraka. Kina namba mbili za kurekebisha: mincutoff, ya mkono uliotulia, na beta, ya mwendo wa haraka. Weka beta sifuri na mincutoff 1, punguza mincutoff mpaka mkono uliotulia utulie, ndipo upandishe beta mpaka mwendo wa haraka usibaki nyuma. Ukianza na beta utazunguka bure.

Na washa taa. Kwenye giza kamera nyingi hupunguza fremu zenyewe, vidole vinakuwa ukungu.

Fundi_Pembetatu
Shukrani, kubana kumemaliza kuruka. Ila korido ndefu inataka kuvuta mara nyingi mno, na kugeuka kunaleta kizunguzungu kwa wanaovaa miwani ya VR.

mwendo_pole
Kwa safari ndefu, umbali wa mkono kutoka ulipobana uwe kasi badala ya hatua. Acha sentimita 3 za mwanzo zisifanye kitu, kisha kasi ipande kwa kipeo cha pili, na uiwekee kikomo. Kwenye miwani ningeruhusu pia kuonyesha sakafu kwa kidole na kubana ili kuhamia hapo moja kwa moja.

Kugeuka: ruka nyuzi 30 au 45 kwa mara moja, usizungushe polepole. Jicho likiona mzunguko ambao sikio la ndani halikuuhisi, kichefuchefu hakiko mbali.

Mabega yanauma kwa sababu mkono unainuliwa juu mno. Ishara zifanyike kati ya kiuno na kifua, kiwiko kikiegemea ubavu au meza, na uzidishe mwendo wa mkono mara 2 au 3 ili mtu asinyooshe mkono.

kiganja_wazi
Naongezea: mkono ukipotea kwenye picha, shikilia hali ya mwisho kwa milisekunde 100 hivi, zikipita hesabu kuwa ameachia. Ukirudi, asiweze kushika mpaka afungue vidole kwanza.