Free Fire inamfaa mtoto wa miaka 9? Nyie mnapimaje?

MamaIlham_Fuoni
Asalam alaykum waungwana. Kijana wangu ana miaka 9, akirudi chuoni jioni mpira hautaki tena, ni simu tu. Sasa ananing'ang'ania nimuwekee Free Fire eti wenzake wote mtaani wanayo. Naona ni ya bure, baba yake anasema gemu ni gemu tu muwekee apate kutulia. Nyie mnajuaje kama gemu inamfaa mtoto au haimfai? Sitaki kumkataza kwa kuwa tu mie siijui.

kijana_wa_chake
Waalaykum salam dada. Ile mnashuka na parachuti kisiwani watu 50, kila mtu anatafuta bunduki, mechi kama dakika 10, atakaebaki mwisho ndo mshindi. Play Store kila gemu ina alama ya umri, iangalie kwanza, ila ile inapima kilichomo tu, ngumi, damu na kadhalika, haijui mwanao atacheza na nani. Mie hofu yangu ipo hapo, kwenye maiki. Mkicheza timu mnaongea na hujui yule ni mtoto mwenzake au jitu zima na ndevu zake, na matusi yanayotoka mle wallahi hata dikoni huyasikii. Utaambiwa mnyime gemu ruhusa ya maikrofoni kwenye simu, sawa, lakini hapo umemzuia kusema tu, kusikia anasikia vile vile mpaka uingie setingi za gemu yenyewe uzime sauti za wenzake.

bi_mkubwa_mkoani
Miaka 9 simu ya nini? Mpe juzuu ahifadhi.

fundi_darajani
Bi mkubwa maneno yako kweli, ila asipocheza kwako atacheza kwa jirani na huko humuoni.

Dada fungua ukurasa wa gemu Play Store, utaona kama ina matangazo na kama kuna vitu vya kununua ndani. Ingia kwenye maelezo zaidi unakuta bei, kutoka ya chini mpaka ya juu, wewe tazama ile ya juu, ndo utajua wanamsubiri mteja wa aina gani. Halafu icheze mwenyewe kabla ya mtoto. Gemu nyingi za bure utakuta duka lina saa inarudi nyuma, ofa inakwisha sasa hivi, na kuna gurudumu unalipia kulizungusha na hujui utapata nini. Ubelgiji 2018 walisema makasha ya bahati ya kulipia namna hiyo ni kamari kwa sheria yao (sie kamari tunaijua hukmu yake, hatusubiri Mbelgiji). Na Epic Games, kampuni yenye gemu ya Fortnite, 2022 huko Marekani walikubali kulipa dola milioni 520, humo milioni 245 ni za kuwarejeshea watu walionunulishwa vitu bila kukusudia.

Na usiseme simu haina kadi ya benki basi pesa haitoki. Almasi za Free Fire, yaani pesa za humo ndani ya gemu, zinawekwa kwa ID ya mchezaji, mtoto akimpa kijana yeyote pesa mkononi na ile namba anawekewa, wewe huna habari. Pesa za sikukuu zilizokuwa zikiishia kwenye pembea za Kariakoo saivi zinakwenda huko.

MamaIlham_Fuoni
Subhanallah, hilo la ID silijui kabisa. Sasa nimuwekee nini?

fundi_darajani
Zima data ufungue gemu. Ikichezeka hivyo basi hamna mgeni wa kuongea nae wala tangazo jipya la kushuka, na bando lako linabaki. Subway Surfers, ile ya kukimbia kwenye reli za treni, inachezeka. Free Fire bila intaneti huendi popote.

MamaIlham_Fuoni
Ahsanteni, Mungu awalipe. Namuwekea hiyo ya treni, nyengine asubiri akue. Free Fire nimempa baba yake aijaribu kwanza kama mlivosema, yupo nayo tangu isha, saivi anagombana na mtu kwenye maiki 😂