Vifurushi vya programu vimekula vifurushi vya intaneti: nyie washauri wa "weka Flatpak" njooni mlipe bili

Wakuu, heshima kwenu. Salamu ndefu leo hamtapata, nina hasira toka asubuhi na chai yenyewe haijashuka.

Nasimamia chumba cha kompyuta cha shule moja ya sekondari ya kutwa, Morogoro. Mashine 14, zote mtumba, RAM GB 4, SSD ya GB 64, Ubuntu 22.04 (mfumo endeshi wa familia ya Linux). Intaneti ni rota ya laini ya simu, na bando la mwezi mhasibu analinunua huku ananuna, kwa hiyo kila GB naifahamu kama mtoto wangu. Mashine namba 1, ile ya dirishani, nimeiwekea apt-cacher-ng. Kwa msioijua: ni mtunza stoo wa apt, ile zana ya Ubuntu ya kushusha na kusasisha programu. Mashine ya kwanza ikiomba kifurushi kutoka hazina ya Ubuntu, namba 1 inakishusha na kukiweka. Wengine 13 wakija kuomba hichohicho wanapewa cha stoo. Kwenye kila mashine ni mstari mmoja tu ndani ya /etc/apt/apt.conf.d unaoelekeza mlango 3142, basi. Sasisho la MB 400 nikilipeleka mashine 14, nalipia MB 400. Miaka miwili hakuna aliyelalamika.

Mwezi uliopita nikafiwa, nikaenda Singida siku tisa. Nyuma nikamwacha kijana anayenisaidia. Mtoto mzuri, ana bidii, na shida yote imetokana na hiyo bidii. Akaona Firefox inachukua muda kufunguka, akaingia kwenye makundi ya Linux kuuliza. Washauri watano, majibu matano, na manne ni njia za kuleta programu bila kupitia apt. Wa kwanza: snap (njia ambayo Ubuntu wanaletea Firefox) ni takataka, weka Flatpak. Wa pili: Flatpak nayo nzito, Homebrew ndiyo habari ya mjini. Wa tatu: acheni utoto, weka Nix, hutajuta maisha. Wa nne: shusha AppImage, haina usumbufu. Wa tano: futa Ubuntu, weka Arch, yaani Linux nyingine kabisa. Kijana akatekeleza yote isipokuwa la tano. Alhamdulillahi kwa hilo.

Hakuna hata mmoja aliyemuuliza una mashine ngapi. Wala una intaneti gani. Wala diski ina nafasi kiasi gani. Hapo ndipo ninapowadai.

Narudi, bando la mwezi limekata tarehe 4. Nawasha namba 9, inaniambia diski imejaa. Naandika df -h, amri ya kupima nafasi ya diski: asilimia 100. Naanza kuchimba folda moja moja: /nix/store GB 14, /var/lib/flatpak GB 13, /var/lib/snapd GB 9, /home/linuxbrew GB 5. Jumla GB 41 kwenye diski ya GB 64, na mle ndani hakuna programu hata moja ambayo haikuwemo kabla sijasafiri! Ni zilezile, zimerudiwa. GIMP (ya kuhariri picha) tatu. VLC mbili. Firefox tatu, na zote kwenye menyu zina picha ileile ya mbweha, jina lilelile, huwezi kujua unabonyeza ipi.

Mwalimu wa Jiografia akaja kunilalamikia kwamba kurasa zake zote alizohifadhi kwa ajili ya kidato cha nne zimefutwa. Hazijafutwa. Firefox ya deb, yaani kifurushi cha apt, inaweka mambo yako ndani ya ~/.mozilla, ya snap inaweka ndani ya ~/snap/firefox, ya Flatpak inaweka ndani ya ~/.var/app/org.mozilla.firefox. Ni nyumba tatu, kila moja na kabati lake, na mzee wa watu amefungua mlango wa jirani. Mwelezee hayo mtu wa miaka 56 ana kipindi dakika kumi zijazo. Mimi nimemweleza. Aliniangalia kama namtapeli.

Mwanafunzi mwingine: "Mwalimu, flashi haionekani." Flashi ipo, mfumo unaiona, ila ile programu imo ndani ya kizimba. Programu ya snap iliyofungiwa kikamilifu inaruhusiwa kugusa folda ya nyumbani, lakini flashi mpaka uipe ruhusa iitwayo removable-media, na mara nyingi ni kwa mkono, kwa amri ya snap connect. Kizimba chenyewe sikipingi. Programu ya kuchezea video haina sababu ya kuchungulia funguo zangu za siri. Lakini usimpe kijana wa watu kizimba bila kumwambia mlango uko wapi.

Sasa nije kwenye mjadala wenyewe, maana najua mtasema nimemwonea kijana na zana hazina kosa.

Kwa lugha yetu kifurushi ni mzigo wa programu, na kifurushi hichohicho ni bando la simu. Nadhani Mungu alitupa neno moja makusudi tusisahau kwamba cha kwanza kinakula cha pili. apt iliingia kwenye Debian 2.1 (Debian ni Linux ambayo Ubuntu imejengwa juu yake) mwaka 1999, na chini yake dpkg, zana inayoziweka deb kwenye mashine, ina umri mkubwa zaidi. Wazo lao ni la watu wenye mashine nyingi na waya mwembamba: maktaba moja (kipande cha msimbo wa pamoja), programu mia zinaitumia. Na uhakika wa usalama unatokana na sahihi za kidijitali (GPG) za hazina, hautegemei njia mzigo uliopitia. Kwa hiyo mzigo unaweza kupita HTTP ya kawaida, ukawekwa stoo, ukabebwa kwa flashi hadi kijijini, na mashine bado ikajua kama umechezewa. Ile stoo yangu ya namba 1 inawezekana kwa sababu hiyo tu. Haikutokea kwa bahati.

Snap na Flatpak zinashusha kwa HTTPS, njia iliyofungwa kwa siri, kutoka kwenye maduka yao. Stoo yangu haioni kinachopita. Mashine 14 zinakwenda dukani mara 14. Snap ya Firefox ni kama MB 250, na ikihitaji kifurushi tegemezi cha gnome-42-2204 ongeza nyingine kama 500. Zidisha mara 14 mwenyewe, mimi nikizidisha presha inapanda. Halafu snapd kwa kawaida yake inachungulia masasisho mara nne kwa siku, na kwenye Ubuntu ya mezani inabakiza matoleo mawili ya kila snap, jipya na la zamani, ili ukiharibikiwa urudi nyuma. Kwa mwenye faiba na diski kubwa hiyo ni neema. Kwenye GB 64 ni mgeni aliyekuja na kitanda chake.

Na msije na "si ungeandika apt tu". Toka Ubuntu 19.10, ukiandika apt install chromium-browser unaletewa snap. Toka 22.04, Firefox vilevile. Unaomba kwa mlango huu unapewa kwa mlango ule. Canonical, wenye Ubuntu, wana sababu zao, na moja ina maana: kutengeneza brauza moja kwa matoleo yote ya Ubuntu badala ya kuijenga upya kwa kila toleo ni kazi ndogo zaidi. Lakini seva ya duka la snap msimbo wake haujafunguliwa, na duka ni moja. Linux Mint, Linux iliyojengwa juu ya Ubuntu, waliona mbali, wakaja na Mint 20 mwaka 2020 ina faili linaitwa nosnap.pref linalozuia apt isikuletee snapd kimyakimya. Ukiitaka, unalifuta faili. Hicho ndicho ninachokiita heshima: niulize kwanza.

Mashabiki wa Flatpak msianze kushangilia. Mna sifa zenu, sizifichi. GIMP 3.0 ilipotoka mwaka 2025, hazina ya 22.04 ilibaki na 2.10, na njia rahisi ya kuipata bila kuvuruga mfumo ilikuwa Flatpak. Kwenye mashine moja ya mwalimu wa sanaa hata mimi ningeweka. Lakini mnawaambia watu "programu ni MB 30 tu" na hamtaji mfumo tegemezi unaokuja nayo, mamia ya MB, halafu programu ya pili inataka toleo jingine la mfumo huohuo, ya tatu jingine. Namba 9 nilikuta matoleo manne. Kijana hakuwahi kuambiwa kuna amri ya flatpak uninstall --unused ya kufuta yasiyotumika.

Halafu usalama. Septemba 2023 lilipotokea tundu la libwebp (maktaba ya kusomea picha za WebP), CVE-2023-4863, picha tu ikifunguliwa mtu anaweza kukuingilia. Kwa upande wa apt, maktaba moja ilizibwa na kila programu inayoitegemea ikapona siku hiyohiyo. Programu iliyobeba nakala yake tumboni ilibidi imsubiri mtengenezaji wake aamke. Kweli kuna deb ambazo nazo zinabeba nakala zao, na mfumo tegemezi wa Flatpak ukizibwa programu zinazouegemea nazo zinapona. Lakini AppImage aliyoishusha kijana? Imekaa kwenye Downloads. Haisasishwi na mtu. Itakaa pale mpaka nistaafu.

Nix siisemi sana, maana hapa ninayemkasirikia ni mtu, zana sina ugomvi nayo. Ni kazi ya akili kubwa, ilianza kwa utafiti wa Eelco Dolstra kule Uholanzi, na uwezo wake wa kurudisha mfumo nyuma kama ulivyokuwa jana hakuna anayeufikia kirahisi. Ila haifuti cha zamani mpaka uiambie. Unamshaurije mtu aweke Nix bila kumtajia nix-collect-garbage? Ni kumpa mtu choo bila shimo.

NYONGEZA, saa 11 jioni. Nimesoma majibu.

Mkuu uliyesema "nunua intaneti ya maana": sawa, leta namba ya mhasibu wetu nikuunganishe naye, mzungumze.

Uliyesema napinga maendeleo: mimi nimekaa na Linux toka enzi za kusubiri CD ya kuazima. Maendeleo ninayoyataka ni duka linaloruhusu stoo. Na kabla hujaniambia snap wana programu yao ya stoo, najua, Canonical wanayo ya kuweka kwenye seva yako, unaisajili kwao kwanza. Flatpak nao wana create-usb ya kubebea mzigo kwa flashi. Nilikaa nayo usiku mzima Jumanne. Inafanya kazi. Ila linganisha na mstari mmoja wa apt, halafu niambie mwalimu gani wa sekondari ataifuata baada ya mimi kuondoka.

Dada uliyetaja hazina ya Mozilla wenyewe, wenye Firefox, wewe peke yako umeniletea msaada, Mungu akubariki. Toka Januari 2024 wanatoa Firefox ya deb wenyewe. Niseme yaliyonikwamisha ili mwingine asikwame. Kwanza, kifurushi cha Ubuntu cha firefox namba yake ya toleo inaanza na "1:" mbele, kwa hiyo apt inakiona kikubwa kuliko cha Mozilla daima, na utarudishiwa snap. Weka faili la kipaumbele ndani ya /etc/apt/preferences.d, uipe packages.mozilla.org 1000. Pili, hazina yao ni HTTPS na stoo haiwezi kuichungulia, kwa hiyo kwenye faili la chanzo badala ya https:// ya kawaida andika http://HTTPS///packages.mozilla.org/apt. Mikwaju mitatu, sijakosea kuandika. Namba 1 ndiyo itakayozungumza HTTPS na nje, nyingine zitazungumza na namba 1. Nimejaribu namba 2 na namba 3: namba 3 imeipata toka stoo, rota haikutikisika.

Uliyesema kijana afukuzwe: hafukuzwi. Yuko hapa pembeni anaandika kwenye karatasi kila amri anayoiandika, mashine kwa mashine. Leo kafuta /home/linuxbrew kwa mkono wake na kabla ya kubonyeza Enter kaniita mara mbili. Nyie watano mliomshauri mpo, nawaona mmesoma, majina yenu yanawaka kijani hapo chini. Hamjaandika neno.

Mashine kumi zimeshasafishwa. Kurasa za mwalimu wa Jiografia nimezipata kwenye ile Firefox ya Flatpak, nimezihamisha, amesema asante bila kuniangalia. Zimebaki nne, na bando la usiku linaanza saa sita. Tunaanza na namba 9.