Lightweight ya 1975: nibandike viraka kwenye chasisi au ninunue mpya?

Kijani_Kavu:

Wakuu, salaam. Nimepata Land Rover ya jeshi, ile nyembamba wanayoiita Lightweight. Ni Series III ya mwaka 1975, petroli, lita 2.25. Ilikaa nje chini ya turubai miaka mingi. Injini inazunguka kwa hendeli, gia zote zinaingia, na bodi ukiitazama kwa mbali unaona kazi ni ya rangi tu.

Mambo yako uvunguni. Boriti ya nyuma, ile inayobeba ndoano ya kuvutia trela, inamomonyoka kwa vidole. Mikono miwili inayotoka kwenye chasisi kwenda kushika ukuta wa injini (ule unaotenganisha injini na viti) imebaki nusu. Reli ya kushoto (boriti ndefu ya chasisi), pale inapopinda juu ya ekseli ya nyuma, mwenye gari wa zamani alibandika pleti, kutu ikatokea, akabandika nyingine juu yake. Sakafu ya miguu upande wa dereva, naiona ardhi.

Nina MIG (mashine ya kuchomelea kwa waya na gesi) ya ampea 150. Nimechomelea mageti na madirisha, chasisi sijawahi kugusa. Hii inaokolewa kwa viraka, au nitafute chasisi mpya iliyochovywa zinki? Bodi niitoe kwanza au nifanye ikiwa juu? Halafu kuna jamaa ananiambia nitumie pleti ya milimita 4 "nisahau kutu kabisa". Yuko sahihi?

Rejeta_Tupu:

Mkuu, iuze kabla hujaizoea. Ukishaipa jina umekwisha.

Mzee_Tindo:

Usiuze. Injini inazunguka na gia zinaingia, hiyo ni nusu ya gari. Mimi nilichomelea magari haya yakiwa bado yanavaa kijani kwa mujibu wa kazi, kwa hiyo nivumilie, nitaandika marefu.

Kabla ya kuwasha hiyo MIG, chukua nyundo ndogo, bisibisi kuukuu na chaki. Lala chini, gonga reli zote mbili toka pembe ya mbele hadi boriti ya nyuma, kila upande, hasa chini. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kina sauti bubu, na bisibisi ikisukumwa inapita. Kila unaposikia bubu, zungushia chaki. Kisha ongeza shubiri moja kila upande, kwa sababu reli hizi ni sanduku: mabati manne yameunganishwa kwenye kona, ndani ni uwazi. Tope na maji huingia kwa matundu, yanakaa chini, na kutu inakula kutoka ndani. Unachokiona nje ni mwisho wa safari yake. Mchoro wa chaki ndio utakaokujibu swali la chasisi mpya. Mimi siwezi kukujibu kutoka huku.

Bodi. Gari hili lilibuniwa livuliwe. Waingereza walilitengeneza kati ya 1968 na 1984, wakitaka helikopta ya Wessex ilinyanyue likining'inia. Ndiyo maana milango, kioo cha mbele, kofia ya turubai na sehemu ya juu ya bodi ya nyuma vinatoka kwa spana za kawaida. (Pamoja na kuvuliwa hivyo, uzito ulizidi kiwango walichojiwekea. Jina limebaki.) Basi vua hivyo vyote, toa viti na matangi ya mafuta yaliyo chini yake, yatoke nje ya karakana kabisa. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa kwa sababu lina mvuke. Usikubali mtu akwambie "lilikauka zamani".

Ila ukuta wa injini uache umefungwa mahali pake mpaka mikono mipya iwe imeshikwa. Huo ndio unaokuonyesha mkono ukae wapi. Ukiutoa mapema utachomelea mkono kwa kukisia, na siku ya kurudisha milango utajua tofauti ya milimita 5 ina maana gani. Kwa kuwa sakafu ya miguu nayo imeliwa, funga kipande cha chuma cha pembe kutoka nguzo moja ya mlango hadi nyingine kabla hujakata chochote, ukuta usije ukafunguka.

Weka gari juu ya stendi imara, sakafu ngumu, chasisi iwe sawa kwa pima maji. Teremsha timazi kutoka kwenye bolti za springi, mbele na nyuma, kulia na kushoto, uweke alama sakafuni. Pima kwa mshazari, kona hadi kona. Mishazari miwili ikilingana, reli zako hazijapinda. Andika namba hizo ukutani, maana utazipima tena baada ya kila kipande. Na kipande ni kimoja kimoja. Mtu anayekata reli mbili siku moja ili "amalize upande huo" anatengeneza ndizi, chasisi inapinda.

Sasa huyo rafiki wa milimita 4. Hapana. Bati la awali la reli ni kama milimita 2, nawe weka 2. Chasisi hii imeundwa ijipinde kidogo njia ikiwa mbaya. Ukipachika kipande kigumu katikati ya chuma chembamba, kujipinda kote kunahamia kwenye ukingo wa kiraka, na ufa utaanzia hapo. Tena moto unaotosha kuyeyusha 4 unatoboa 2 iliyo jirani. Na kutu haisomi vipimo.

Viraka vya mwenye gari wa zamani vyote vinatoka. Kiraka juu ya kiraka ni mfuko wa maji. Kata hadi chuma kinachong'aa, na kona za tundu ziwe za mviringo, zisiwe kali. Kata kipande kipya kikae ndani ya tundu, ukingo kwa ukingo, uwazi wa milimita moja hivi. Pale ambapo lazima uongeze pleti juu kwa nguvu, ncha zake zikate mshazari au uzichonge kama mkuki. Weldi iliyonyooka wima kukatiza reli ndiyo mahali pa kuvunjikia.

Kuhusu MIG: waya wa milimita 0.8, gesi mchanganyiko wa agoni na kaboni dayoksaidi. Shida ya MIG kwa mtu wa mageti ni kwamba inatoa weldi nzuri ya kutazama ambayo haijashika kitu. Geti halijipindi, kwa hiyo halikuumbui. Kabla ya gari, chukua vipande viwili vya bati hilohilo la 2, viunge, bana kwenye jiliwa na upige nyundo mpaka kimoja kikubali. Bati likichanika pembeni ya weldi, uko tayari. Weldi ikibanduka, ongeza ampea au punguza mwendo wa mkono, na urudie. Siku hiyo usiguse gari.

Kwenye gari, shikiza kwa nukta kwanza, pande zote. Kisha choma sentimita 2 au 3, ruka upande wa pili, rudi. Acha ipoe yenyewe, usimwage maji.

Eneo la kuchomelea lisafishe rangi, lami ya uvunguni na nta. Lami inawaka taratibu, ndani ya reli usipoiona. Kaa na gari nusu saa baada ya weldi ya mwisho, na kizima moto mkononi. Dawa ya kusafishia breki yenye klorini iweke mbali kabisa, maana ikikutana na mwale wa weldi inatoa gesi inayoua. Bolti au pleti yenye zinki, isage zinki itoke kwanza. Moshi wake mweupe utakulaza na homa usiku huo.

Waya_Mbili:

Mzee amemaliza ya chuma, mimi naingiza ya umeme. Kaka, angalia katikati ya viti vya mbele. Kama kuna sehemu ya betri mbili na meza ya redio nyuma, una ile iliyotayarishwa kwa redio, na mfumo wake ni volti 24. Betri mbili za 12 zimefuatana. Jenereta yake ni kubwa kwa sababu ilikuwa inalisha redio.

Maana yake kwako ni mbili. Kwanza, usinunue koili, balbu wala stata ya toleo la kiraia ukadhani ni gari lilelile. Distribyuta na waya za plagi zimefunikwa chuma ili zisipige kelele kwenye redio, na nimeona watu wakizing'oa kwa sababu "ni nzito", wakati ndizo zinazostahimili maji kuliko chochote dukani. Pili, kabla ya kuchomelea, toa nyaya za betri zote mbili, na plagi ya kidhibiti cha jenereta pia. Koleo la athi libane karibu na weldi yenyewe, shubiri moja au mbili, kwenye chuma kilichosafishwa. Ukilibana kwenye bampa ya mbele na unachomelea nyuma, umeme utajitafutia njia, na njia yake inaweza kupita kwenye beringi.

Zinki_Tu:

Namheshimu mzee, ila kwa hesabu ya saa za kazi, chasisi mpya iliyochovywa inashinda. Boriti, mikono miwili, reli juu ya ekseli, na bado hajagonga nyundo. Akimaliza viraka hivyo vyote, miaka michache kipande cha jirani kinaoza. Chasisi mpya unahamisha ekseli, injini na bodi, umemaliza. Haya magari ni bolti tupu.

Mzee_Tindo:

Zinki, sikupingi bure. Mpaka wangu mimi ni huu: nyuma yote ikiwa imeoza, nabadilisha nyuma. Mikono ni vipande vya kawaida, vinatengenezwa. Lakini chaki ikizunguka vishikio vya springi za mbele na vya injini, pande zote mbili, hapo na mimi naweka mashine chini na kutafuta chasisi nyingine. Sehemu hizo ndizo zinazoamua magurudumu yanaelekea wapi.

Ila "umemaliza" umeisema haraka. Namba ya chasisi imepigwa kwenye pembe ya mbele, upande wa kulia, karibu na springi. Ukibadilisha chasisi, namba hiyo inabaki kwenye chuma chakavu, na taratibu za usajili haziko sawa kila nchi. Aulize kwa maandishi kabla ya kutupa ya zamani. Mtu wa gari la jeshi ana sababu nyingine pia: gari hili lina historia iliyoandikwa, na namba hiyo ndiyo mlango wake.

Na wale wanaochovya chasisi yao baada ya kuitengeneza: bafu la zinki lina nyuzi joto kama 450. Kila chumba kilichofungwa lazima kiwe na tundu la hewa na la kutokea zinki. Maji yaliyonaswa ndani yanageuka mvuke ghafla na kupasua. Ulizeni wachovyaji matundu wanayotaka kabla hamjafunga weldi ya mwisho.

Kijani_Kavu:

Shikamoo mzee. Nimegonga yote. Mbele kunalia pande zote mbili, hadi nyuma ya giaboksi. Kulia nyuma ni boriti tu. Kushoto nyuma chaki imejaa. Dada Waya, ni volti 24 kweli, na waya zile za chuma ningezitupa, asante sana.

Nilipoosha ukuta wa injini kuna kibati cha jeshi, na chini ya rangi ya juu inaonekana namba ya zamani: tarakimu mbili, herufi mbili, tarakimu mbili. Nataka kuendelea kuifunua kwa msasa. Na bolti za springi za nyuma hazitoki hata kidogo, nimevunja bomba la kuongezea spana.

Mzee_Tindo:

Marahaba. Basi umejibiwa na nyundo: unabaki na chasisi yako. Anza na reli ya kushoto, boriti ya nyuma iwe ya mwisho upande huo, kwa kuwa boriti mpya inahitaji mahali pazima pa kushika.

Hiyo namba piga picha kila tabaka. Msasa uwe wa maji, laini, kwa mkono. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, na vumbi lake halionekani likiingia. Barakoa ya kitambaa haitoshi, tafuta ya chujio la vumbi laini, daraja la P3. Hivyohivyo kwenye breki na klachi: pedi za enzi hizo zinaweza kuwa na asbesto. Usipulize kwa kompresa, futa kwa kitambaa chenye maji, kifunge kwenye mfuko.

Bodi ni alumini iliyokaa juu ya chuma, na ukungu mweupe unaouona kwenye maungio ni alumini ikiliwa pale inapogusana na chuma penye unyevu. Wakati wa kurudisha weka rangi pande zote mbili na kitu cha kutenganisha katikati, nailoni au mpira mwembamba. Nyufa za bodi ziba kwa kiraka cha alumini na ribiti. Karakana za jeshi zilifanya hivyo, haitaonekana ngeni. Pati ya kujazia iache.

Bolti za springi zimegandana na bomba la ndani la bushi, usipigane nazo. Kata kwa grainda yenye diski nyembamba, kati ya springi na kishikio, pande zote mbili, springi itateremka yenyewe. Ekseli iwe imeshikwa na jeki kabla hujakata ya pili. Bushi mpya zikiingia, usikaze bolti hizo mpaka gari liwe limesimama kwa uzito wake juu ya magurudumu, la sivyo mpira wa bushi utakuwa umesokotwa muda wote na utachanika mapema.

Ndani ya reli, kabla ya kufunga kipande cha mwisho, paka praima ya zinki. Weldi zote zikipoa, pulizia nta kwa bomba refu kupitia matundu, na matundu ya chini yaache wazi.